Mkasi wa Arobaini

Nywele zangu zilikatwa uani kwa bibi yangu mzaa mama, siku ya arobaini yake, mbele ya wanawake wasiopungua thelathini, na mama akanifinya ubavuni ili nicheke. Nikacheka. Imepita miaka minne na bado nikikumbuka najishika ubavu.

Nianze na nywele zenyewe, maana asiyezijua atasema nilikasirikia kitu kidogo.

Sisi tuliosoma shule za serikali tunafahamu kwamba msichana huingia darasa la kwanza kichwa kimenyolewa na hutoka kidato cha nne kichwa kimenyolewa. Kila zikianza kushikika, mwalimu wa zamu anapita mstarini asubuhi na kukuamuru ukanyoe. Mimi siku niliyotoka kwenye mtihani wa mwisho nilisema basi, wembe umekwisha kazi yake kwangu. Nilizifuga miaka kumi na moja. Sikutia dawa, sikupiga pasi, sikuunganisha za mtu mwingine. Nikizinyoosha kwa uzi zilifika kwenye mkanda wa sidiria. Kwenye baraza ninaposhonea nguo, karibu na soko la Morogoro, kuna wanawake walikuwa wanakuja kupimwa gauni na kabla sijatoa futi wananiuliza napaka nini. Nikiwajibu mafuta ya nyonyo na maji, wanaguna. Walidhani nawaficha.

Siri haikuwa kwenye mafuta, ilikuwa kwenye mkasi. Watu hudhani nywele ndefu ni za kuachwa tu, usiziguse, zitakwenda zenyewe. Haziendi. Nywele inaota kwenye mzizi na inazeekea kwenye ncha. Ncha ikipasuka ikawa na miguu miwili, ule mpasuko haukai pale pale, unapanda. Unafika katikati na nywele inakatika hapo. Mtu anakaa miaka mitano analalamika zake hazirefuki, kumbe zinarefuka kila siku na kila siku zinakatika. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu nilikuwa naziosha, nazitia mafuta, nazifunga kwa uzi mweusi zinyooke, na kesho yake nazifungua, nazisokota vijisokoto vyembamba, na kwa kila kimoja nakata ncha kiasi cha punje ya mchele. Punje ya mchele, si zaidi. Unakata juu kidogo ya pale palipopasuka, na mkasi uwe mkali, kwa sababu mkasi butu haukati nywele, unaitafuna, na iliyotafunwa itapasuka tena kabla ya mwezi. Mimi ni fundi cherehani. Mkasi wangu wa kitambaa haukati karatasi, na mkasi wangu wa nywele haukati kitu kingine chochote duniani.

Sasa huyu mwanamke aliyenikata. Ana saluni yake Kihonda, kubwa, ina drai tatu na viti vya kuzunguka. Nilikuwa mteja wake miaka miwili kabla sijajua kujikata mwenyewe. Alikuwa na mkasi mmoja ambao alifungulia pakiti za rasta, alikatia nyuzi za kushonea nywele za bandia, alitobolea makopo ya mafuta, na mkasi huo huo ndio alinishikia kichwani. Siku moja kabla ya Idi, saluni imejaa mpaka mlangoni, nilimwambia kwa sauti, "Dada, huu mkasi hata kitunguu haukati." Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimalizia kichwa changu, akanifungua kitambaa shingoni, na mimi sikurudi tena. Na kwa kuwa nilikuwa naulizwa, nilisema nilipoulizwa. Wateja wangu kadhaa wa magauni waliacha kwenda kwake. Kama hilo ni kosa, basi ni kosa la punje ya mchele.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililolisahau, nalo ndilo lililonimaliza. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani.

Watu wa mjini wakisikia utani wanafikiri ni mizaha ya makabila, Mnyamwezi na nani sijui, kwenye vijiwe vya kahawa. Kwetu milimani Uluguru utani ni kazi. Mtu wa ukoo wetu akifa, watani ndio wanaoshika msiba. Wanapika, wanachimba, wanakuja wamejipaka masizi usoni, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea na alivyokuwa anagombana na kuku wake. Wanachukua sufuria lako mbele ya macho yako. Na wewe mfiwa huruhusiwi kukasirika. Mtani hakasirikiwi. Ukinuna unatozwa kuku, lakini kuku si neno, neno ni kwamba utaitwa aliyemnunia mtani mpaka wajukuu zako waitwe hivyo.

Na kuna hili la mkasi. Zamani siku ya kuanua matanga wanawake wa karibu na marehemu walikuwa wananyolewa kichwa kizima kwa wembe, na mnyoaji alikuwa mtani. Kizazi cha bibi yangu kilikaa kikakubaliana wembe uachwe, zikatwe ncha tu. Kwa hiyo siku ya arobaini wanaume wako mbele na khitma yao, sisi tuko uani kwenye mikeka, na mtani anapita na mkasi kichwa hadi kichwa. Anakata ncha kidogo, anakupa mkononi, unakwenda kuzifukia chini ya mgomba, maana nywele za mtu haziachwi zikazagaa, hata mtoto anajua. Shehe wa pale kijijini anasema jambo hilo si dini. Wazee wanamjibu kwamba hawajawahi kusema ni dini.

Siku ya arobaini ya bibi nilikuwa nimesuka twende kilioni, zote kwenda nyuma, na huko nyuma nimezikusanya nikazifunga mkia mmoja. Nilikaa kati ya mama na mama mdogo. Nilikuwa nimelia kweli, bibi ndiye aliyenilea. Nilimwona yule wa saluni anapita na masizi mashavuni, anaimba, anakata ncha za mama mdogo, ncha za mama, na nikashukuru moyoni kwamba angalau safari hii mkasi ulionekana mpya. Nikainamisha kichwa.

Alishika mkia mzima. Aliukata chini ya kifundo, mara mbili, kracha, kracha, na shingo yangu ikapigwa na upepo.

Akauinua juu wauone. "Mfiwa alikuwa amebeba mzigo jamani! Nimemtua!" Vigelegele. Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mikeka, na mimi nimegeuka namtazama, na kwenye macho yake hamkuwa na utani hata kidogo. Akaniinamia karibu. "Umeona? Unakata," akasema. Mdomo wangu ukafunguka, na hapo ndipo mama aliponifinya. "Cheka," akaniambia chini ya pumzi. "Cheka, mwanangu, watu wanatutazama."

Nilicheka. Nilicheka kama watu wanavyocheka. Na yule mwanamke, badala ya kunipa nywele zangu mkononi, akatembea nazo mpaka jikoni, akazitupa kwenye mafiga chini ya sufuria la pilau. Mliowahi kusikia harufu ya nywele zinazoungua mnajua inavyokaa. Miaka kumi na moja iliungua kabla wali haujaiva.

Nilirudi mjini na kilemba. Kwa wiki mbili nilishona bila kuinua uso. Nilifikiria kwenda Kihonda kumvunjia drai zake, nilifikiria polisi, nilifikiria mambo ambayo siyaandiki. Lakini mtani halipizwi Kihonda. Ukimfuata kwake umekubali kwamba ulikasirika, na umeshindwa. Mtani hulipizwa kwa utani, na mahali pake ni msibani, siku ambayo mfiwa ni yeye na mwenye mkasi ni wewe. Kwa lugha nyepesi, ilibidi mtu afe.

Mtu mwenyewe nilimjua. Yule wa saluni alikuwa na mama yake, kikongwe, anakaa peke yake kwenye kona moja njia ya Kinole, nusu saa kwa miguu kabla ya kufika kwetu. Kila mwezi nikipanda kumsalimia mama napita mlangoni pake. Miaka yote nilikuwa nampungia mkono nikiwa juu ya boda. Baada ya arobaini ya bibi nikaanza kumwambia dereva asimame.

Sitajipamba. Mara ya kwanza nilikwenda kumtazama amebakiza kiasi gani. Nilibeba kilo moja ya sukari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mtani wako."

Alinitazama kilemba, akanitazama mkoba. "Wewe ndiye uliyekatwa mkia," akasema. "Karibu. Umekuja kuona kama nimekaribia?"

Nilibabaika, nikasema hapana bibi, nimekuja kukusalimia tu. Akacheka hana meno manne ya mbele. "Bado, mjukuu wangu. Leo nimekula ugali wote. Rudi mwezi ujao."

Nikarudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila nikifika ananipa taarifa kabla sijakaa: leo magoti yanauma lakini moyo mzima, usijisumbue, leo nimekohoa sana, una bahati, lakini nimenywa tangawizi. Nami namjibu, "Bibi, unanichelewesha, mkasi unashika kutu." Na mkasi nilikuwa nao kweli. Nilinunua mpya kwa ajili ya siku hiyo, nikawa naunoa kwa fundi wa visu pale sokoni, nikaufunga kwenye kitambaa cha flana na kuuweka chini kabisa ya mkoba. Kila nikiugusa nilikuwa najisikia vizuri. Nilipokuwa nalala nilikuwa naona shingo ya yule mwanamke.

Halafu siku moja bibi kizee akafungua kanga yake kichwani.

Sikutegemea. Zilikuwa nyeupe zote, na ndefu, zimefungwa kwa uzi mabutu manane, na alipofungua moja likashuka mpaka kifuani. Mwanamke wa umri ule. Nikamuuliza nani anamkata ncha. "Mimi mwenyewe," akasema, "lakini macho yamekwisha. Nakata nisichokiona." Nikamuuliza kwa nini asimwachie binti yake, ana saluni nzima mjini. Akabetua midomo. "Yule ana mkono mzito. Toka mdogo. Nilimzaa mimi, lakini kichwa changu hakishiki."

Mungu anisamehe, nilifurahi siku hiyo kuliko Idi.

Nikatoa mkasi wa flana. Niliutoa bila kufikiri, ule ule wa kisasi, kwa sababu ndio uliokuwa mkali. Akaniketisha nyuma yake na kunifundisha jambo ambalo kwa miaka yote ile nilikuwa silijui. Akanipa kanga nyeusi, nimtandikie begani, nilaze kila fungu la nywele juu yake. Zake kwa kuwa nyeupe akasema tutumie nyeusi, lakini zako weka kwenye nyeupe. Usitazame nywele hewani, hewani zote zinafanana. Ilaze kwenye nguo, ivute taratibu kwa vidole viwili, na ncha iliyopasuka utaiona imelala pembeni, haifuati wenzake. Hiyo ndiyo ya kukata. Nyingine ziache, hazina kosa.

"Wewe ulikuwa unakata zote," akaniambia. "Punje punje, lakini zote. Ulikuwa unaonea."

Nilishona kichwa kile, nasema nilishona kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, fungu kwa fungu, mpaka jua likahamia upande wa migomba. Tukazifukia pamoja, mimi na yeye, kijiko kimoja cha nywele nyeupe. Akasema kichwa kimekuwa chepesi. Toka hapo nikawa siendi kila mwezi, naenda kila Jumamosi ya pili. Nilijiambia naenda kukagua. Nilijiambia kikongwe akizidiwa lazima niwe wa kwanza kujua, na simu hana, ukitaka kumpata ni mpaka umpigie binti yake, na hilo nisingelifanya hata kwa kisu. Namba niliyomwandikia ukutani kwa mkaa, ili jirani apige akizidiwa, ilikuwa yangu.

Zangu zikaota upya. Kwa kanga nyeupe nilikuwa nakata robo ya nilichokuwa nakata zamani, na mwaka wa tatu zikapita mabega.

Siku moja, mikono yangu iko kichwani mwake, akaniuliza, "Siku yangu ikifika, binti yangu utamkata kiasi gani?"

"Ncha tu, bibi."

"Mwongo."

Tukacheka wote wawili. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ukisikia nimelala sasa siamki, uje unipunguze hizi. Sitaki kwenda huko na ncha mbovu. Yule asinishike." Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, kwa maana nilikuwa pale kila baada ya wiki mbili na mkasi mkononi.

Mwaka huu ulipoingia mfungo nikazama kwenye nguo za Idi. Kila fundi wa Morogoro anajua mwezi ule ulivyo, mteja analia, mteja anatukana, vitambaa vimejaa mpaka kwenye kitanda. Nikaruka Jumamosi moja, nikaruka ya pili, nikaruka ya tatu. Siku chache baada ya Idi mama akanipigia saa sita mchana. "Mtani wetu wa kwenye kona ameondoka. Aliugua wiki mbili, nasikia. Wanazika alasiri."

Nitasema nilichohisi, kwa sababu nimeamua kusema. Kitu cha kwanza kilikuwa furaha. Iliruka yenyewe kifuani, kabla sijaizuia: siku imefika. Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba kutafuta flana. Nilipoishika ndipo nilipokaa chini kwenye mabaki ya vitambaa nikalia, na nikajiuliza kwa nini hakuna mtu aliyenipigia wiki mbili zote hizo. Nikasema labda kwenye maradhi watu husahau. Nilifika wakati wanashuka makaburini.

Siku arobaini nilizihesabu. Na usifikiri kilio kile kilinilainisha. Kilinizidishia. Kikongwe alikuwa ameondoka na ncha mbovu, nami nilihitaji mtu wa kumlipisha hilo pia, na kisasi kilikuwa kimeshaandaliwa. Nilinoa mkasi mara mbili.

Siku yenyewe nilijipaka masizi, nikafunga kibwebwe, nikaingia uani kwa bibi kizee naimba. Watani wenzangu walikuwa wameshachukua sufuria mbili na ungo. Nilimwigiza marehemu, nilivyomjua mimi: nikakaa kwenye kigoda chake, nikasema, "Leo nimekula ugali wote, rudini mwezi ujao," na uani kote wakacheka na kulia kwa pamoja. Nilikuwa mtani mzuri siku ile, kila mtu alisema.

Nikapita na mkasi. Dada mkubwa wa marehemu, ncha. Binti wa dada, ncha. Niliwakata kwa haki, punje ya mchele, na kila mmoja nikampa zake mkononi. Yeye alikaa wa mwisho, mtandio umebanwa kwa pini pande zote kama mtu aliyejua. Shangazi yake akamtoa pini. Nywele zilikuwa nyingi, za dawa, zimefungwa mkia mmoja nyuma. Nilipozishika nilisikia zilivyo kavu, hata sikuhitaji kanga nyeupe. Mwenye saluni ya drai tatu, na kichwani mwake hakuna nywele hata moja ambayo haikuwa na miguu miwili.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Kata, umalize."

Nilikata chini ya kifundo. Mkasi ule ulikuwa mkali hata haukulia, ulipita tu. Nikauinua mkia juu. "Njooni muone mali yake!" nikasema. "Huyu ndiye anayewatengeneza mjini!" Vicheko, vigelegele, mtu akapiga sufuria. Nikamwona shangazi yake anainama na kumfinya ubavuni, nikamwona anafungua mdomo na kucheka. Nilikitambua kile kicheko. Nilikuwa nimekaa nacho miaka minne. Nasema kweli, kilikuwa kitamu, sijapata kula kitu kitamu kama kile na sitadanganya kwamba kilinikaa vibaya.

Lakini mimi nina adabu zangu. Sikuzitupa jikoni. Nilimwinamia nikamwekea mkia wake mkononi, kama inavyotakiwa, akaufukie. Akanishika kiganja pamoja na nywele. Bado alikuwa anacheka, watu wanatutazama, wanafurahi watani wamemalizana.

"Alikuulizia," akaniambia, meno nje. "Wiki mbili nzima. Mtani wangu mbona haji anipunguze ncha. Namba yako iko pale ukutani, nikaikariri kabisa. Nikamwambia nimekupigia, umesema una kazi nyingi."

Akakaza kiganja.

"Nikamkata mwenyewe."

Niliutazama ukuta. Namba yangu ilikuwepo, mkaa mweusi, tarakimu za mwisho zimefutika kidogo kwa mvua. Nilitazama kigoda. Nilikuwa na mkasi mkononi bado, na nilijua kabisa jinsi unavyopita. Wanawake thelathini walikuwa wanangoja mtani aseme neno la kuchekesha. Nyuma yangu nilisikia mama anasogea, nikahisi vidole vyake vinakuja ubavuni, na sikungoja vifike. Nikacheka.

Nilirudi Morogoro nikajifungia siku tatu. Sijauweka mkasi ule kwenye flana tena, uko kwenye droo ya cherehani na vifungo. Zangu nazitazama kwenye kanga nyeupe kila Jumamosi ya pili, nakata zile tu zinazolala pembeni, na zinaendelea. Wateja wananiuliza napaka nini.

Jumamosi iliyopita mama alinipigia simu. Alikuwa amefurahi. Akasema yule mtani wetu wa saluni alipita nyumbani asubuhi, amefunga kilemba, kamwamkia vizuri, kakaa naye hata saa nzima. Kamletea sukari, kilo mbili. Kamuuliza sana habari za afya yake.

"Kumbe ni mtu mzuri," mama akasema. "Amesema atakuwa anapita kila wiki."

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema kifua kinambana kidogo tangu mvua zianze, lakini si kitu cha kunifungisha kazi. Nilikuwa nimeshasimama, natafuta funguo za kufungia cherehani.